Mama Chumvi, Mkuza Fuwele

Jumanne asubuhi marehemu alimsimamisha mumewe mlangoni kwa sababu alikuwa amekosea kufunga vifungo vya shati, akavifungua vyote, akavifunga upya kuanzia chini, huku akimwambia, "Wewe unawapimia watu mashamba, vifungo vinakushinda?" kisha akachukua mkoba wake akatoka, mume akabaki anacheka peke yake, na hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile. Kabla ya saa tano, akiwa katikati ya shamba la mtu na vyombo vyake vya upimaji, alipigiwa simu kwamba mkewe ameanguka kazini, na alipofika hospitali alikuwa ameshakuwa mgane bila kujua.

Ndugu waombolezaji, historia hii imeandikwa na mumewe, nayo inasomwa na mdogo wa marehemu, kwa kuwa mwandishi hakuiamini sauti yake. Wengi wenu mmeuliza, na haki ya kuuliza mnayo, kwa nini mgane hakuonekana nyumbani Jumatano asubuhi, watu wamejaa sebuleni na mwili wa mkewe uko mochwari. Jibu limo humu, ila halitaeleweka bila kwanza kumjua marehemu, na kukijua kitu alichokitafuta kwa miaka kumi na mmoja, ambacho siku ile kilikuwa karibu kupotea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba za wauguzi nyuma ya zahanati alikofanya kazi mama yake, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, ambako waliochelewa gwaride waliadhibiwa kwa kufagia maabara, naye akawa anachelewa kwa makusudi, mpaka mwalimu wa kemia akashtukia mchezo na kumpa ufunguo ili aache kuwaharibia wenzake nidhamu. Alijiunga na chuo kikuu mwaka 1992, akahitimu shahada ya kemia, na mwaka 2003 akatunukiwa shahada ya uzamivu.

Hapo chuoni ndipo alipokutana na mumewe, aliyekuwa mwanafunzi wa upimaji ardhi, siku ambayo darasa lao lilikuwa likipima barabara ya mabweni, na binti mmoja akapita mbele ya chombo mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, hata kijana akapaza sauti, "Dada, unaniharibia mstari!" naye akajibu bila kugeuka, "Basi nipime na mimi, tujue nimesimama wapi." Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1997, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1999, ambaye sasa ni mwalimu, na mdogo wake wa kiume aliyezaliwa mwaka 2004, ambaye yuko mwaka wa pili chuoni.

Marehemu aliajiriwa na chuo mwaka 2004, na mwaka 2013 alichota kiganja cha majani yaliyooza nyuma ya zizi la ng'ombe la chuo, akapata humo bakteria mwenye kimeng'enya kinachovunja sukari ngumu, yaani zile sukari zilizoungana minyororo mirefu ndani ya mabua na makapi, ambazo tumbo la binadamu haliziwezi. Kwamba kinakata, aliliona mapema; kwamba kinakataje, meno yake yamekaa wapi na mnyororo unapita mlango gani, hakuna aliyejua, kwa sababu kitu hicho ni kidogo kuliko chochote ambacho hadubini yake ingeweza kuonyesha. Njia ni kukibembeleza kwenye tone la maji, mamilioni yake yajipange safu kwa safu mpaka yawe fuwele, kisha fuwele ipigwe eksirei, na kutokana na jinsi miale inavyotawanyika lijulikane umbo. Mumewe alilielewa hilo upesi, maana hata yeye hupima vilima ambavyo hajavipanda.

Kukuza fuwele ni kazi ya kuacha. Tone likishatengwa halitikiswi wala halichunguliwi kila saa, kwa hiyo katika maabara yake watu walitembea kama wako chumba cha mtoto mchanga, na tabia hiyo akaileta nyumbani, akawa anawakemea watoto, "Msibamize mlango!" nao wakimjibu, "Mama, huku hakuna fuwele," yeye husema, "Mnajuaje?"

Mwaka 2016 fuwele zilitokea, safi, zenye kona kali, zinang'aa, marehemu akaitangazia idara nzima, soda zikanunuliwa, na mkuu wa idara akatoa hotuba. Eksirei ilipopigwa ikaonekana ni chumvi, chumvi ya kawaida iliyojiunda kutokana na maji ya kutengenezea tone, na fundi wa maabara, mwanamke aliyefanya naye kazi tangu mwanzo, akamwambia mbele ya watu, "Miaka mitatu, mama, tumekaa hapa tunapika chumvi." Alicheka mpaka akaketi chini, na tangu siku hiyo chuo kizima kikamwita Mama Chumvi, naye akaitika.

Katika historia za namna hii, hapa ndipo pa kueleza ugonjwa. Marehemu hakuugua. Hakulalamika kichwa, hakumeza kidonge, Jumatatu jioni alipanda ngazi na ndoo ya maji mkononi, na Jumanne tarehe 17 Septemba 2024 mshipa wa damu ulipasuka kichwani akiwa ameketi mbele ya hadubini, akafariki njiani. Mumewe ameliandika hilo mara kadhaa ili aone kama litaingia akilini, na mpaka leo halijaingia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea na kuhangaika naye hata pale ilipokuwa haina maana tena, majirani waliofungua nyumba zao kabla ya kuombwa, na wafanyakazi wenzake, ambao waliingia hospitali na makoti yao ya maabara, wakasimama ukutani.

Sasa Jumatano. Wiki iliyotangulia fuwele zilikuwa zimetokea tena, na safari hii marehemu hakununua soda. Alichukua moja akaichoma kwa sindano, kwa kuwa ya chumvi huwa ngumu, hupasuka kwa kishindo, na hii ilibonyea kama sabuni iliyolowa, akamwambia fundi wake tu, na mumewe usiku kitandani, akiwa amemshika mkono. Lakini fuwele hizo zilikuwa zimeanza kuyeyuka pembeni, ilibidi zigandishwe haraka katika nitrojeni ya maji, yenye baridi kali, na Jumatano gari la vifurushi lilikuwa linakuja kuzichukua, kwenda kwenye mtambo mkubwa wa eksirei nchi ya mbali, ambako zamu yao ilikuwa imesubiriwa zaidi ya mwaka. Angezigandisha Jumanne mchana.

Kulipopambazuka mgane alivaa viatu. Shangazi wa marehemu akamshika mkono, "Baba, unakwenda wapi?" akamjibu, "Kazini kwake, shangazi," naye akasema, "Kazini! Mkeo hajazikwa! Makubwa haya." Akatoka.

Maabara ilikuwa na kufuli, na mkuu wa idara alimweleza kwa upole kwamba wamefunga kwa heshima ya marehemu. "Kama ni heshima yake," mgane akasema, "fungueni." Mkuu akamwangalia, akatoa ufunguo mfukoni.

Fundi aliketi mbele ya hadubini akashika kijiti chenye kitanzi chembamba kuliko unywele, ambacho ndicho huchotea fuwele, lakini fuwele ya kwanza ikavunjika, ya pili ikapotea, akaweka kijiti chini, "Shemeji, siwezi. Hiki kiti bado ni chake." Mgane hajui kemia, ila amekaa nyuma ya vyombo vya kupimia maisha yake yote, akamwegemeza kiwiko juu ya meza, akamwambia, "Vuta pumzi, itoe, ikiisha ndipo uchote," na fundi akachota, akazamisha, moshi mweupe ukapanda, na hivyo hivyo mpaka zikapatikana sita, huku wote wawili wakipumua pamoja.

Kama zitatoa umbo au hazitatoa, mpaka historia hii inaandikwa hakuna ajuaye. Pipa la nitrojeni walimozitia mgane alilibeba mwenyewe kifuani, akashuka ngazi polepole, akamkabidhi dereva, akamwomba asikanyage mashimo kwa nguvu, akasimama getini mpaka gari lilipokata kona, ndipo akageuka, akarudi nyumbani kuanza kumlilia mke wake.

Mama watoto, kazi imeshatoka mikononi mwako salama. Lala.