Mifarishi Iliyoshiba ya Anjalin Ruzar Siddi

Ijumaa tarehe 31 Mei 2024, saa kumi na moja jioni, Anjalin Ruzar Siddi atatia saini daftari la mahudhurio la Kituo cha Ushonaji cha Kallagudde kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Katika muda huo wote amechelewa kazini mara mbili: mara ya kwanza alikuwa anajifungua, mara ya pili mto ulikuwa umesomba daraja. Idara inayosimamia kituo ilimwandikia barua ya kumtaka ajieleze mara zote mbili. Barua hizo bado zimo kwenye faili lake. Walioziandika walistaafu zamani, na hakuna aliyewachemshia hata chai.

Aliajiriwa Februari 1993 kuwa mfagiaji. Wakati huo kituo kilikuwa na wakufunzi wawili wenye vyeti vya mjini, waliowafundisha wanawake wetu kutarizi vitambaa vya meza. Meza zenyewe Kallagudde zilikuwa tatu, na moja ni ya padri. Anjalin alifagia vipande vilivyoanguka sakafuni, akavipeleka nyumbani, na baada ya misimu miwili ya mvua akaja na mfarishi wa viraka mkubwa kuliko mlango wa ofisi. Mkaguzi aliyekuwa ziarani akauliza fundi ni nani.

"Ni takataka zenu hizo, bwana mkubwa," Anjalin alimjibu. "Mimi nimezifagia tu, zikakaa pamoja."

Mwaka 1996 alifanywa mkufunzi. Ilichukua mwaka mzima kumpata mtu mwingine wa kushika ufagio, na kwa mwaka huo alifanya kazi zote mbili. Hili tunaliandika hapa kwa makusudi, kwa sababu taarifa rasmi ya idara imelisahau.

Wanafunzi wake wote, sasa wamepita mia nne, wanamwita Akka, dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri. Hafundishi kwa ubao. Anakaa chini, anakunja miguu, anatandaza sari kuukuu, na kazi inaanzia ukingoni kama ilivyo desturi yetu: mshono unazunguka pande nne, kiraka baada ya kiraka, ukiingia ndani kidogo kidogo hadi katikati. Macho yake hayana huruma. "Huo ni mshono au njia ya mbuzi?" humuuliza mwanafunzi mgeni wa kwanza anayejisifu. "Fumua, mwanangu. Mbuzi wenyewe wangeona aibu."

Kiraka cha mwisho, cha katikati kabisa, ndicho tumbo. Kabla ya kukifunga, mshonaji anaingiza punje tano za mchele, maana mfarishi wenye njaa haumpi mtu usingizi. Hakuna anayeziona tena punje hizo. Anjalin hakuwahi kumpitisha mwanafunzi aliyezisahau, na somo la tumbo alilirudia kila muhula kwa sauti ya kusikika hadi kituo cha basi.

Wapo wataalamu ambao wamezunguka dunia wakiamua kipi ni sanaa na kipi ni kazi za mikono. Kitambaa kilichokatwakatwa na mtu mwenye shahada kikatundikwa ukutani ni sanaa, nacho hupewa taa yake na jina la aliyekitengeneza. Kilichoshonwa na mwanamke wa Kallagudde huandikwa "kazi ya kabila la msituni", kana kwamba msitu ndio ulioshika sindano. Anjalin hakuandika makala kuhusu jambo hili. Alikataa tu kupeleka mfarishi wowote mahali popote bila jina la mshonaji wake kushonwa kwenye pembe, na kwa ajili hiyo idara ilimnyima safari mbili za kwanza alizoalikwa.

Ilipotangazwa kwamba shule ya msingi ya Kallagudde itafungwa kwa kukosa watoto, hakupoteza muda na maandamano. Aliomba sare zilizochakaa nyumba kwa nyumba, akapata mia moja na kumi na mbili, na kwa pamoja wanawake wakashona mfarishi mmoja ambao kila kiraka chake kilikuwa mfuko wa shati na jina la mtoto juu yake. Waliutandika uani kwa afisa elimu. Afisa alitembea pembeni mwake kwa miguu mitupu, akisoma majina. Shule ipo hadi leo.

Lakini safari inayosimuliwa zaidi ni ile ya Japani, Novemba 2015. Kituo kilialikwa kwenye maonyesho ya mifarishi ya siku nne. Yalipelekwa matumbo kumi na mawili, kama anavyohesabu yeye mwenyewe, ya wanawake kumi na wawili, na kila moja lina jina pembeni. Kwa wengi wao ilikuwa nafasi ya pekee ya kusomwa na macho ya ng'ambo. Walisafiri watu watatu: Anjalin, mwanafunzi wake wa zamani Natalbai, na Bwana Kulavalli, afisa masoko wa idara, ambaye alichukua kiti cha dirishani.

Walipotua, kwenye uwanja wa ndege walipewa fomu. Je, umebeba mmea, mbegu au nafaka? Bwana Kulavalli alikuwa ameshaweka alama kwenye "hapana" kwa niaba ya wote. Anjalin aliomba asomewe fomu kwa lugha yake, kisha akampungia mkono mkaguzi, mzee mmoja mtaratibu aliyeitwa Bwana Tsukahara, na kupitia kwa mkalimani akamwambia kwamba nafaka ipo, kwenye tumbo la kila mfarishi, na mifarishi ni kumi na miwili.

"Anjalinbai, nyamaza!" Bwana Kulavalli alimnong'oneza. "Ni punje tano tu, nani atazijua?"

"Nazijua mimi," alisema. "Mtu anakuuliza umebeba nini mlangoni kwake, nawe unamdanganya kabla hujavua viatu? Kwenu mnafanya hivyo?"

Sheria ya nchi ile haina mzaha na mchele wa kutoka nje. Ama mizigo iteketezwe, ama nafaka yote itolewe mbele ya mkaguzi. Bwana Tsukahara akaleta mkasi. Anjalin akauweka kando kwa adabu, akaomba meza, na tangu asubuhi akawa anafumua tumbo moja baada ya jingine kwa ncha ya sindano, akihesabu punje kwenye trei. Tano. Tano. Moja lilikuwa na saba. "Huyu ni Rozibai," alieleza. "Hata wageni wake huwashibisha hadi wanavimbiwa." Mkalimani alitafsiri, na inasemekana mkaguzi alikohoa ili asicheke.

Mfarishi wa kumi na mbili ulikuwa mdogo, wa kitanda cha kubembea. Alifumua tumbo lake, akatia kidole, akatafuta. Halikuwa na punje hata moja.

Natalbai ndiye aliyegeuza pembe na kusoma jina. Lilikuwa la Anjalin mwenyewe.

"Akka," Natalbai alisema polepole, "mimi ulinifelisha kwa kosa hilihili. Nilirudia muhula mzima."

"Nakumbuka."

"Mvua ilinikuta njiani kila siku."

"Natalbai, nimesema nakumbuka."

Hapo mambo yakawa mazito. Fomu ilisema kumi na mbili, trei ilisema kumi na moja, na Bwana Tsukahara hakuwa mtu wa kuachia hesabu isiyolingana. Punje za mfarishi wa kumi na mbili huenda zimeteleza ndani ya kitambaa. Zisipopatikana, mzigo wote hautoki. Alisikitika, lakini ndivyo sheria ilivyo. Bwana Kulavalli alipendekeza warudi nyumbani. Anjalin alimtazama, akauvuta mfarishi wake mapajani, akaanza kuufumua wote, kutoka tumboni kuelekea ukingoni, kinyume cha kila alichowahi kufundisha. Kazi ya miezi miwili. Jioni ilipoingia, mezani palikuwa na lundo la matambara na uzi, na hapakuwa na punje. Mkaguzi alilitazama lundo hilo kwa muda mrefu, akagonga muhuri.

Mifarishi kumi na mmoja ikatundikwa, na majina kumi na moja yakasomwa. Mahali pa kumi na mbili palikuwa ukuta mtupu. Chini ya ukuta huo Anjalin alitandaza sari yake na kuanza upya, ukingoni. Siku nne alishona mbele za watu, Natalbai akikaa upande wa pili. Wanawake wa Kijapani walisimama, kisha wakachutama, kisha mmoja akavua viatu na kuomba sindano. Walianza kuleta viraka vyao, nguo za marehemu mama zao, vitambaa vya buluu vilivyofifia kwa kufuliwa.

Jumapili, saa ya kufunga, kilibaki kiraka kimoja. Bwana Tsukahara alikuja siku hiyo bila sare, amefuatana na mkewe, ameshika kikaratasi kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na punje tano za mchele wa shamba la baba yake. Alizihesabu kwa sauti, moja moja, akiziweka kwenye kiganja cha Anjalin.

Waliporudi, ofisa wa forodha wa kwetu aliuliza kama kuna cha kutangaza. Anjalin alianza kueleza habari ya mchele tangu mwanzo. Alipofika kwenye mkasi, ofisa alisema, "Mama, nakuomba, nenda nyumbani."

Wiki iliyofuata alikusanya darasa zima, akauonyesha mfarishi ulioshonwa upya Japani na kutangaza kwamba Akka wao alifeli somo la tumbo. Kisha akarudia somo hilo, yeye akiwa mwanafunzi na Natalbai mkufunzi. Hakuna aliyemlazimisha. Tunawaomba mtutajie mkuu mmoja wa idara aliyewahi kufanya hivyo.

Idara nayo ilijibu kwa namna yake, kwa waraka: mfarishi wowote wa kwenda ng'ambo ni marufuku kutiwa nafaka. Wanawake walikuja juu, wengine wakasema bora tusipeleke tena. Desturi ya bibi zao ilikuwa imefutwa kwa mistari miwili na muhuri. Anjalin aliusoma waraka mara tatu, akauliza kama unakataza mwenyeji kumlisha mgeni. Haukukataza.

Tangu siku hiyo kila mfarishi unaokwenda ng'ambo unaondoka na tumbo lililoachwa wazi upana wa kidole, sindano yenye uzi imechomekwa pembeni, na kijikaratasi: "Huu umetoka mbali na haujala. Tafadhali ulishe, kisha ufunge." Imeshakwenda mifarishi sitini na mitatu. Majibu yamejaa ubao wa ukumbini. Wareno wametia mahindi, Wakirgizi shayiri. Mzee mmoja wa Ufini ametia ngano nyeusi ya kwao, akaandika kwamba tangu mkewe afariki, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumpa mgeni chakula nyumbani kwake. Waraka wa idara haujavunjwa hata mara moja, na hakuna aliyeutii.

Kuanzia Juni 3 nafasi yake itashikwa na Natalbai, ambaye ameahidi kufelisha watu bila upendeleo.

Akka, tunakushukuru kwa macho yako makali, kwa ulimi wako, na kwa kusema ukweli pale ambapo uongo ungekuwa mwepesi kuubeba. Tunakutakia magoti yasiyouma, mvua za kiasi, wajukuu wasumbufu, na miaka mingi ya kushona bila kusaini daftari la mtu.

Wageni waalikwa wafahamu kwamba ratiba ya Ijumaa imebadilishwa kwa ombi la mstaafu. Hotuba tatu za idara zitasomwa mwisho. Chakula kitatangulia, na hakuna atakayeruhusiwa kusimama kuhutubia hadi mtu wa mwisho ukumbini awe ameshiba.