Mgongo wa Kinu na Mkafuri Uliozungushiwa Waya

Mwaka 2019, tarehe saba Machi, siku moja baada ya ile ambayo kalenda yetu ya majira huiita kuamka kwa wadudu, jiji la Changsha, China, liliamkia nyuzi tisa, ukungu, na mvua nyepesi iliyokatika alfajiri. Ndio msimu ambao ini, kwa elimu ya waganga wetu, huamka na kukaza misuli, na wastaafu wa mtaa wetu huenda bustanini kuilegeza. Mzee Qiu, tuliyemwita Kinu, alikuwa akiulegeza mgongo wake kwa kuubamiza kwenye mti wa mkafuri ulio jirani na benchi letu. Asubuhi hiyo aliukuta umezungushiwa waya. Aliizunguka bustani nzima akimtafuta aliyemchongea, akiinama kuchungulia vichakani, akigeuka huku na huku kuona nani anamcheka. Kisha akatujia benchini, ambapo Liao, yaani Redio, alikuwa akitumiminia chai, na Tan, yaani Wakili, akitafuna mbegu za alizeti.

— Nani kanichoma kwa watu wa bustani?

— Kaa kwanza unywe chai, Kaka Qiu, alisema Redio. Gome limechubuka, wameuzungushia waya. Basi.

— Umejuaje kama limechubuka?

— Si naliona.

— Unaliona vipi na miwani umeiacha nyumbani?

Wakili alitema ganda.

— Mimi nawashuku akina mama wanaocheza dansi hapa kila asubuhi. Wanautaka uwanja wote. Leo mti, kesho benchi hili.

— Akina mama watoe wapi waya?

— Basi kuna mkubwa nyuma yao. Fikiria, Kinu. Mti ule umefyonza ukali wa ini lako miaka yote hii. Sasa wenyewe ni dawa. Watausaga, watauuza Guangzhou kwenye vichupa.

— Ini langu? Kwenye vichupa?

— Na wewe hulambi hata yuani moja.

Hilo lilimwingia. Akamgeukia Redio taratibu.

— Mwanao si yuko Guangzhou?

— Anauza matairi.

— Ndivyo unavyotuambia.

— Miaka ishirini nakumiminia chai, leo nimekuwa mwizi wa ini?

— Sijasema mwizi. Nimeuliza tu.

Redio aliifunga chupa yake ya chai, akaikwapua, akaondoka bila kuaga.

Punde alifika Bi Ouyang, aliyehamia jengo letu wiki iliyotangulia.

— Mzee Qiu, nimesikia mgongo unakutesa sana majira haya. Leo unaendeleaje?

Kinu alijipima kwanza. Aliinama akagusa magoti, akainuka. Akajizungusha kushoto, kisha kulia. Baada ya kuinama na kugeuka kote kule bustanini, hakuna kilichokaza.

— Usijibu, alinong'ona Wakili. Hatujui katumwa na nani.

Naye akamgeuzia Bi Ouyang mgongo.

Waya uliondolewa mwezi Mei. Redio sasa huketi ng'ambo ya ziwa la bustani na chupa yake, na tukipita hutazama maji. Nimeipiga hesabu mara nyingi na jibu halibadiliki: yote yale yalitugharimu rafiki mmoja.