Kabaso Lombe na Gitaa Lililowatoa Wanawake Mbio

Tusizunguke. Tangu juzi hapa matangani watu wananong'ona kitu kimoja: ule wimbo utapigwa kaburini au hautapigwa? Mwenyekiti wa kota, Bwana Chibale, amekuja mara mbili kuomba usipigwe, maana zamu ya asubuhi iko chini shimoni. Wa kusema ni mjane, Mama Kampamba, na jibu lake litasomwa mwisho. Kwanza msikilizeni mtu mliyekuja kumzika.

Marehemu Kabaso Lombe alizaliwa tarehe 9 Mei 1951 huko Luwingu. Baba yake alikuwa mchimba shaba, na mwaka 1958 familia ilihamia hapa kota za mgodi. Alikua akisikia king'ora. Kikilia mlio mmoja mrefu, zamu imebadilika. Kikipanda, kikapanda, kisishuke, kuna watu wamefunikwa chini. Mtoto wa hapa anajua tofauti hiyo kabla hajajua kusoma.

Alisoma shule ya misheni, akaingia sekondari, akafukuzwa kidato cha pili. Alikata waya wa breki wa baiskeli ya mwalimu akatengenezea nyuzi za gitaa la galoni. Mwalimu aligundua akiwa mteremkoni. Alipona, Lombe akachapwa, gitaa likabaki. Baba yake alimwambia tu, "Hicho kitu chako kitaua mtu."

Mwaka 1970 aliajiriwa mgodini, akiendesha treni ya mawe chini ya ardhi. Mwaka 1973 yeye na wenzake wakaunda bendi ya Vumbi Jekundu: nywele kama vichaka, suruali pana miguuni, spika zinazotoa moshi. Wapo wanaosema ule muziki wa roki ulikuwa wa kuiga wazungu. Waongo. Mzungu gani angepiga alichopiga Lombe Jumamosi ya tarehe 14 Agosti 1976 kwenye ukumbi wa kota? Alikanyaga kile kidude cha kukwaruza sauti, akavuta uzi mmoja, akaupandisha taratibu mpaka gitaa likalia kama king'ora cha ajali. Wanawake wa mistari yote ya nyumba za karibu wakatoka mbio hadi geti la mgodi, mmoja ameshika mwiko wenye nshima, ugali wetu.

"Mmefuata nini?" mlinzi akauliza.

"Waume zetu."

"Waume zenu wako ukumbini wanacheza."

Wakageukia ukumbini. Wa mbele alikuwa Mama Kampamba mwenyewe, wakati huo Exilda, mke wa Goodson Sinkala. Alivua kiatu.

"Ni muziki tu, mama," Lombe akamwambia.

"Muziki gani unanikausha mate?"

Alimpiga nacho. Lakini amesema mwenyewe kwamba siku nzima ule mlio haukumtoka kifuani. Jumamosi iliyofuata alirudi, akalipa kiingilio, akasimama karibu na spika. Ndivyo alivyoanza kumpenda huyu mwanamuziki, kwa hasira.

Lombe akaupiga wimbo ule kila dansi na kila mazoezi. Watu wakauita "Kimbia," na wakazoea. Kosa likaingia hapo, na ni letu sote. Alhamisi ya tarehe 10 Machi 1977, alasiri, king'ora kililia cha kweli. Jirani akachungulia jikoni kwa Exilda. "Unasikia?"

"Huyo mwehu anafanya mazoezi," Exilda akajibu, akaendelea kusonga.

Lombe hakuwa amegusa gitaa. Alikuwa amelala, katoka zamu. Goodson alitolewa shimoni akiwa bado anapumua. Alimuulizia mkewe, kisha akakata roho. Getini hapakuwa na mwanamke hata mmoja.

Lombe alifunga gitaa kwenye gunia akaliweka juu ya dari. Hakuna aliyemwomba alishushe. Mwaka 1983 Exilda aligonga mlangoni kwake, amemshika mkono Kampamba, binti aliyezaa na Goodson.

"Chomeka," akamwambia.

"Mama, watu watakimbia."

"Mimi ndiye nataka kukimbia. Sikukimbia siku ile."

Akapiga. Exilda akakimbia hadi getini, akasimama pale akalia kilio alichokuwa amekosa mahali pa kukiweka. Alirudi mwaka uliofuata, na mwingine. Mshenga alikataa kubeba sahani ya posa, akisema mwanamume huyo ananuka msiba. Lombe akaibeba mwenyewe. Walifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1986.

Miaka ya karibuni vijana wa mjini waligundua santuri zake za zamani, wakamwita aende kupiga Lusaka. Watu ambao hawajawahi kuona shimo walilia, hawajui wanamlilia nani. Ndiyo nguvu ya ule mlio: unapanda, haushuki, unakuacha huko huko juu na mtu wako.

Vumbi la mgodi lilimkamata mapafu. Alianza kukohoa damu mwaka 2021, na akafariki nyumbani Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, mkewe amemshika mguu. Neno lake la mwisho lenye maana lilikuwa, "Mkinizika, lipigeni gitaa. Wafundisheni kukimbia tena."

Alisema hivyo kwa sababu king'ora hakipo. Wenye mgodi wapya walikishusha, wakasema taarifa zitakuja kwenye simu. Mtandao wa hapa mnaujua. Na wiki hii kuta zimepasuka kwenye mistari ya nyumba iliyo karibu na shimo, vikombe vinagongana kabatini vyenyewe. Kila mtu anasikia, kila mtu anasema ni malori.

Jana mtani wetu Jere, Mngoni aliyechimba kaburi hili, alianza: "Nyinyi Wabemba mnatafuna nyani bila hata kunawa, lakini gitaa la maiti linawatetemesha."

"Na wewe mla panya," Mama Kampamba akamjibu, "una mtoto chini?"

Jere akashika koleo lake, akaendelea kuchimba.

Marehemu ameacha mjane, Exilda. Binti wa kambo, Kampamba, ambaye marehemu alimfundisha gitaa. Na mjukuu, Goodson, aliyepewa jina la babu yake aliyefunikwa shimoni na ambaye hayupo hapa kwa sababu mgodi haukumpa ruhusa. Yuko chini sasa hivi.

Jibu la Mama Kampamba ni hili: wimbo utapigwa. Kampamba atapiga, spika zimeelekezwa kwenye kota. Tunawaambia mapema kwamba ni gitaa, lakini mwenye mtu chini akitaka kukimbia, akimbie, hakuna atakayemcheka. Mjane mwenyewe amevaa raba.

Pumzika kwa amani, Ba Lombe. Sisi tutapumzika zamu ikitoka.