Sauti ya Gati la Kirtonmari Yahamia Hewani

Tarehe 30 Juni Bi Hosne Ara Sikder anastaafu baada ya kulitumikia Gati la Kirtonmari kwa miaka thelathini na minne. Thelathini na miwili aliitumia mbele ya kipaza sauti. Miwili ya mwisho ameitumia ndani ya stoo ya maboya, kwa sababu nitakazozieleza. Meneja wetu, Bwana Sarwat Mridha, ameniagiza niandike katika jarida letu "maneno matamu yasiyomgusa mtu." Mimi mwenyewe nastaafu Desemba na paa la nyumba yangu limekwisha kuezekwa, kwa hiyo nitaandika yanayogusa.

Aliajiriwa akiwa msichana wa miaka ishirini na sita, atangaze jina la meli, saa ya kuondoka na upande wa kupandia. Hakuna aliyemwambia aongeze neno. Aliongeza mwenyewe, tangu siku ya kwanza. "Wewe wa shati la maua, hiyo ngazi ni ya kushukia. Macho umemwachia mkweo?" "Bwana harusi wa meli ya Bhola, mwenzako ameshapanda, wewe bado unanunua bisi za muri. Tukuolee?" "Mama uliyepoteza bata, bata wako yuko kwapani mwa jirani yako wa kulia, anayetazama mawingu." Wapo waliowahi gatini saa nzima kabla ya meli yao ili wawasikie wenzao wakisemwa. Walisahau kwamba zamu yao nao ilikuwa inakuja.

Wakubwa wetu walivumilia hayo, maana aliyesemwa ni abiria, na abiria hana mwenyewe. Mambo yaligeuka siku aliposemwa mtu mwenye meli.

Ilikuwa msimu wa sikukuu ya Idi, watu wote wanarudi makwao. Meli Nilkomol ya Haji Mokbul Sardar ilikuwa imepakiwa hadi ule mstari mweupe wa ubavuni, unaoonyesha mwisho wa kupakia, ukawa umezama majini. Sisi sote tuliuona. Mkaguzi aliuona, akaenda kunywa chai. Bi Hosne Ara akashika kipaza sauti: "Meli Nilkomol ina watu mia nane juu ya nafasi za mia nne. Mstari wa maji hauonekani. Haji Mokbul haonekani pia, yuko kwake kwenye kochi. Asiyejua kuogelea ateremke sasa hivi." Watu waliteremka kama mchele unaomwagika guniani. Nilkomol iliondoka nyepesi, ikafika salama, na kwa kuwa ilifika salama wakubwa wakasema haikuwa na tatizo lolote. Hiyo ndiyo akili tunayoongozwa nayo.

Haukupita mwezi, gati likaletewa mashine. Ndani yake kuna sauti ya binti wa mjini, tamu kama asali, ambaye nadhani mto ameuona kwenye kalenda. "Abiria mpendwa, asante kwa kuchagua kusafiri nasi," husema, kana kwamba kuna njia nyingine ya kufika Bhola ukiacha kuogelea. Wiki ya kwanza binti huyo alitangaza kila asubuhi kwamba Meli Ruposhi inaondoka. Ruposhi ilikuwa juu ya gogo kwa fundi, imevuliwa rafadha. Abiria wakasimama na mizigo yao mbele ya maji matupu, wakishukuriwa. Kwenye kikao tuliambiwa hayo ni maendeleo, na tukapiga makofi. Nami nilipiga.

Bi Hosne Ara akapelekwa stoo. Mumewe alikwisha kufariki, bintiye ameolewa mbali, Sylhet. Siku moja alikuja kwenye dirisha langu la tiketi.

"Niranjan, maboya hayana masikio," alisema. "Nikistaafu itakuwaje? Nyumbani nina kuku sita, nao nimeshawasema yote."

Nilikuwa nakula muri, na gazeti lililofungiwa muri hiyo lilikuwa na tangazo: serikali itafanya mtihani wa leseni ya redio za ridhaa, baada ya miaka kadhaa ya kutofanya. Alilisoma lote, na mafuta yake.

"Hawa watu wanafanya nini?"

"Wanaongea hewani na watu wasiowajua, dada. Wa nchi yoyote."

"Kwa mshahara?"

"Bure. Ila lazima ufaulu mtihani."

"Basi miaka yote ile nilikuwa kwenye mazoezi," akasema, akaondoka na gazeti langu.

Darasa la kujiandaa lilikuwa kila Ijumaa alasiri, ghorofani juu ya duka la peremende na maziwa matamu. Mwalimu alikuwa Tahmid Rezwan, mhandisi kijana mwenye tabia ya kucheka kabla hujamaliza kujibu. Wanafunzi wengine walikuwa vijana wa chuo, kila mmoja na kompyuta yake na hakika yake. Nilimsindikiza siku ya kwanza, nikakaa nyuma.

"Shangazi," Tahmid alimwambia, "hapa hatutangazi meli. Hapa ni sayansi."

"Mwanangu, siku utakapoeleza sayansi yako ikaeleweka huku injini tatu zinanguruma na mbuzi analia, hapo utakuwa mwalimu. Endelea."

Majina ya herufi, yale yanayotumika hewani ili herufi moja isidhaniwe nyingine, aliyashika jioni moja. Kanuni zilimtia wasiwasi zaidi. Tahmid alisoma: hewani hakuna matusi, hakuna siasa, hakuna biashara, hakuna kumvunjia mtu heshima. Bi Hosne Ara akanyoosha mkono.

"Sasa watu huongea nini?"

"Hali ya hewa, Shangazi. Na antena zao."

"Mungu wangu! Wamesomea yote haya ili waulizane kama kuna mawingu?"

Darasa likacheka, na nafikiri alijiona amekwisha kufaulu. Kumbe umeme ulikuwa unamsubiri. Aliacha shule darasa la kumi, na hesabu ziliachana naye mapema zaidi. Kwenye jaribio la kwanza Tahmid alisoma matokeo kwa sauti, ingawa hakuna aliyemwomba. "Shangazi kumi na tisa. Kumi na tisa kwa mia, jamani, siyo nafasi ya kumi na tisa." Vijana wawili wa mbele wakalaliana mabegani kwa kicheko. Mmoja akasema, "Usijali Shangazi, sisi tukipata leseni tutakusalimia, wewe washa tu redio ya nyimbo."

Nilimtazama nikingoja jibu, maana nilitaka kuwaona wakichunwa ngozi. Alikunja karatasi yake, akashuka ngazi, akalipita duka la peremende bila hata kumsema mwenye duka kwa nzi wake. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kesho yake alibwaga kitabu kwenye dirisha langu, abiria wakiwa foleni.

"Nifundishe kugawanya."

"Dada, mimi nakata tiketi. Redio siijui."

"Nimekuuliza redio? Nimesema kugawanya."

Basi kila mchana tulikaa stoo, juu ya maboya, kati yetu birika la chai. Nisijisifu: mimi ni mwalimu mbovu, naye ni mwanafunzi mwenye kiburi. Urefu wa antena hupatikana kwa kugawanya, yeye alizidisha, akapata antena ya kutoka hapa hadi Bhola, akaitetea. Mzungu aliyegundua sheria ya ukinzani alimwita majina ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. Kisha siku moja, katikati ya kumtukana, akatazama nje kwenye ngazi ya meli.

"Ngoja. Umeme ni abiria. Waya ni ngazi. Volti ni wale wanaosukuma nyuma. Na ukinzani ni mkata tiketi mvivu aliyesimama mlangoni, yaani wewe."

"Ndiyo, dada."

"Mbona yule mtoto hakusema hivyo tangu mwanzo?"

Kuanzia siku hiyo hesabu zake zilianza kutoka. Si zote. Alienda Dhaka, akafanya mtihani ukumbini miongoni mwa vijana wanaolingana na wajukuu wa watu wa rika lake, akarudi. Nilipomuuliza alisema tu, "Nimeandika." Matokeo yalipotoka jina lake lilikuwemo. Majina ya wale wawili wa mbele tuliyatafuta kwa moyo safi kabisa, juu hadi chini, hatukuyaona.

Lakini kufaulu si kupata leseni. Aliyeajiriwa alidaiwa barua ya mwenendo mwema kutoka kwa mkubwa wake wa kazi. Nilikuwepo ofisini, nimepeleka vitabu vya tiketi, Bwana Mridha alipoegemea kiti chake.

"Hosne Ara, ulimvunjia Haji heshima mbele za watu. Muombe radhi mbele za watu, kwa kipaza sauti kilekile. Siku hiyohiyo nitasaini."

Nje nilimshika pindo la sari. "Dada, sema tu. Maneno mawili yamekwisha. Umesoma miezi yote hii, ukose kwa maneno mawili?"

"Kwenye kile kipaza sijawahi kusema uongo, Niranjan."

"Kwa hiyo hutaki?"

"Nani kasema sitaki? Nitaomba radhi."

Wakaichagua wiki ya Idi, ili wasikie wengi. Haji Mokbul alikuja amejipaka manukato, akawekewa kiti karibu na nguzo. Nyuma yake Nilkomol ilikuwa inapakia, na mstari mweupe tayari unalamba maji. Mashine ikazimwa. Gati zima likageuka iliposikika ile sauti yenye mikwaruzo.

"Abiria, ni mimi Hosne Ara. Niliwahi kutangaza hapa kwamba Meli Nilkomol ilibeba watu mia nane. Namwomba Haji Mokbul Sardar radhi. Nilikosea. Walikuwa mia tisa. Nilisema pia kwamba Haji yuko kwake kwenye kochi. Nalo naliombea radhi, kwa kuwa leo yupo hapa, kwenye kiti cha plastiki karibu na nguzo, koti la kijivu. Mwenye swali kuhusu mstari wa maji asisumbue ofisi. Amuulize mwenyewe."

Wa kwanza kumfikia alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. "Haji, mstari uko wapi?" aliuliza, kwa adabu kabisa. Wa pili hakuwa na adabu hiyo. Wa tatu alikuja na ukoo wake. Kwenye ngazi watu walikuwa wameanza kuteremka, na Haji akatoka kwa mlango wa jiko la mgahawa, manukato yake yakabaki.

Bwana Mridha alishuka ngazi za ofisi mbio, barua mkononi, nikajua ataichana. Aliiweka kwenye kidirisha changu, ambapo Bi Hosne Ara alikuwa amekuja kusimama, akaninyang'anya kalamu, akasaini.

"Chukua! Nenda kaongee na Wajapani. Wao hawapandi meli zetu."

"Ahsante, bwana meneja," alijibu. "Kumbe unaweza kufanya kazi haraka."

Kwa ajili ya hayo karamu ya kumuaga imefutwa "kwa ukosefu wa nafasi," katika gati linaloingia watu elfu tatu. Haidhuru. Biriani ya karamu zetu tunaijua, ni wali uliosikia habari za nyama.

Leseni ilifika Mei. Ijumaa iliyofuata tulipanda kule ghorofani, watu sita. Tahmid aliiandaa redio ya chama cha wanaredio wa ridhaa, na nimtendee haki: hakucheka. Bi Hosne Ara akabonyeza kitufe, akataja jina la hewani alilopewa na leseni herufi kwa herufi, kisha jina lake mwenyewe na la Kirtonmari, akaita yeyote anayesikia. Ikaja mivumo tu. Akaita tena. Mivumo. Akaita mara ya tatu, na ndani ya ile mivumo ikatoka sauti ya mzee mmoja wa Pokhara, huko Nepal, jina lake Purushottam.

"Hosne Ara wa Kirtonmari, nakusikia vizuri kabisa. Karibu hewani. Hujambo?"

Akaisogelea redio, akaitazama. Miaka thelathini na miwili alisema na maelfu kwa maelfu ya watu, na kile kipaza sauti cha gatini hakikumjibu hata siku moja.

"Shangazi," Tahmid alinong'ona, "anakusubiri."

Akajifuta pua kwa pindo la sari, akabonyeza.

"Sijambo. Mbona umechelewa kujibu?"

Kule milimani mzee akaangua kicheko, sote tukamsikia.

Bi Hosne Ara, kwa niaba ya walioteremka Nilkomol na hawakujua jina lako, ahsante. Tunakuombea siku nyingi na afya njema, na kila utakapoita, aitike mtu.

Niranjan Halder
Dirisha la Tiketi