Samaki Hawatoi Maziwa

LANDRY: Haloo? Nani huyo? Simu inakwaruza kama mutu anakaanga mahindi.

DIEUDONNÉ: Nani? Si Dieudonné! Umefuta namba ya yaya wako?

LANDRY: Ah, yaya, kaka yangu mukubwa! Huko Kibumba muko salama?

DIEUDONNÉ: Salama utaiona wewe. Nimesoma message yako: «Bénita amevaa casque, ameenda, hata hakulia.» Ameenda wapi? Mutoto wangu wa kansa munamupandisha pikipiki?

LANDRY: [anacheka] Si casque ya kichwa, ile kofia ya motari wa pikipiki—

DIEUDONNÉ: Niliketi chini barabarani, Landry, mbele ya batu! «Ameenda»... Nilidhani amekufa!



LANDRY: Pole, yaya. Niliandika vibaya. Ni casque ya kufunika macho. Ndani unaona bahari, ukigeuka nayo inageuka. Wakati wa sindano anakuwa kule, si hapa.

DIEUDONNÉ: Aa! Hospitali imeishiwa dawa, sasa inagawa sinema.

LANDRY: Dawa iko ku serum, inaingia mushipani. Sinema ni ya woga tu. Zamani tulikuwa tunamushika batu wengi, anapiga mateke. Leo infirmière Aurélie, muuguzi wake, amemaliza sindano, mutoto anauliza, «Munaanza saa ngapi?»

DIEUDONNÉ: Vizuri sana. Jumamosi nakuja kumutoa hospitali. Huku tutamuvalisha sufuria, aone mbingu.

LANDRY: Leta na mufuniko, basi. Na jembe la kaburi, usilisahau.

DIEUDONNÉ: Mudogo! Chunga mudomo.

LANDRY: Docteur anasema dawa inamusaidia. Ni kilio chake ndicho kilikushinda. Ulikimbia mpaka Kibumba.

DIEUDONNÉ: Nilikuja kuchunga ng'ombe.

LANDRY: Ndiyo, ng'ombe. Shida ndiyo hiyo. Bénita hataki bahari tena, anasema samaki hawatoi maziwa. Kesho bila kilima chetu na Bihogo, ng'ombe wake, hakuna sindano. Aurélie anaomba video—

DIEUDONNÉ: Ya nini?

LANDRY: Ya Bihogo! Simu yako iko na kamera, ama ni ya kusoma message na kuanguka tu?

[Mtandao unakwaruza.]

LANDRY: Yaya?

DIEUDONNÉ: Sikiliza huku, Landry. Unasikia ng'ombe?

LANDRY: ...Hapana.

DIEUDONNÉ: Basi.

LANDRY: Zote?

DIEUDONNÉ: Wenye bunduki walipita juzi, wakazichukua. Hawakuomba maziwa. Usimwambie mutoto.

LANDRY: Yesu...

DIEUDONNÉ: Ile casque iko na masikio?

LANDRY: Iko nayo, anasikia sauti.

DIEUDONNÉ: Waweke kilima chochote, hata cha Ulaya. Mimi nitaita ng'ombe kama kila jioni, wewe urekodi.

LANDRY: Leo yaya anaingia ku sinema! Na Jumamosi?

DIEUDONNÉ: Nakuja kumushika mukono. Fanya mbio, unité za simu zinaisha!

LANDRY: Aurélie, rekodi na simu yako! Bénita, kuja, papa anaita Bihogo. Haya yaya, kwa nguvu—

DIEUDONNÉ: Bihogo weee! Bihogo yangu! Giza linaingia, rudi! Rudi nyum—

[Unité zimekwisha.]