Hatua Tatu Kwenye Treni ya Marsa

Treni ya kwenda La Marsa ilikuwa bado imesimama stesheni pale mtoto alipoachia goti la baba yake, akatembea mwenyewe hatua tatu, akaangukia mapajani mwa mama mmoja mwenye kikapu cha mikate. Behewa zima tukapiga makofi. Baba mtu, kijana aitwaye Ghassen, akawa anacheka huku anafuta machozi.

"Ngoja nimpigie Olfa, mke wangu! Leo ndiyo karudi kazini tangu ajifungue, na akitoka atatupokea La Marsa."

"Thubutu!" akasema yule mama, mtoto bado kamng'ang'ania shingoni. "Mwanangu, una akili kweli? Mwenzio kamshika mkono kila siku, halafu hatua ya kwanza tuione sisi wa kwenye treni? Nyamaza. Jioni atembee mbele ya mamake, nawe ushangae."

"Mama, mimi hata zawadi siwezi kuificha! Uso wangu unasema wenyewe."

"Basi ufunike!"

"Kumficha mke ni kumdanganya."

"Kumkatili je?"

Mimi nilikuwa upande wa yule mama, ingawa hakuna aliyeniuliza. Walibishana hivyo, wakicheka, mpaka mwisho wa safari.

Olfa alikuwa akiwangoja pale pale mlango ulipofungukia. Akamnyakua mwanawe, akambusu mpaka kofia ikaanguka.

"Nimewakumbuka mno," akasema. "Haya, niambie, leo kafanya nini?"

Ghassen akafumbua mdomo. Treni ilishasimama, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeshuka.