Jiwe Chini ya Michongoma

Sogeeni karibu, wanangu, sina nguvu ya kupaza sauti. Nyangau, hilo jembe liweke nje ya mlango, sitaki kuliona. Jana nilipokupigia kelele uache kung'oa ua wa michongoma, ulimnong'oneza mkeo Mokeira kwamba mama ameanza kupotewa na akili. Nilisikia. Masikio yangu bado ni mazima.

Akili ninazo. Naogopa tu, mwanangu.

Najua ua ule unaung'oa kwa ajili yangu. Ulinunua mabanzi kule Keroka, ukasema utanijengea tuta la kuinuka hadi kiunoni, nichume mboga zangu, chinsaga na managu, bila kuinama. Nani mwingine hapa Manga amefanyiwa hivyo na mwanawe? Lakini umeshang'oa mashina mawili, na chini ya shina la tatu kuna jiwe lenye alama ya msalaba, aliyoichonga babu yako. Ndilo jiwe la mpaka wetu na baba yako mdogo, Ratemo. Nililifukia mimi.

Ratemo alikuwa Kericho akichuma chai. Baba yako alikuwa amefariki, nami nina watoto wawili na kipande cha shamba cha kutosha kuku tu. Nikaling'oa jiwe pale penye mgomba wa kwanza, nikahesabu hatua nne kuingia kwake, nikalifukia, nikapanda michongoma juu. Aliporudi akalalamika, wazee wakakaa, nami nikala emuma, kile kiapo kinachorudi kwa uzao wa mwongo. Nilishika udongo nikasema, kama nimesogeza mpaka, ardhi hii iwameze watoto wangu. Mwaka huohuo kaka yako Onchiri akashikwa na homa. Siku tatu tu, tukamzika. Wewe ulikuwa bado unanyonya.

Mchungaji husema emuma haina nguvu kwa aliyebatizwa. Labda. Lakini mchungaji hakuapa, niliapa mimi, na kila Sabato nimeimba nikiuhisi udongo ule kiganjani. Sasa wewe Mokeira, mama, una mimba ya miezi saba. Kila ukijishika tumbo, mimi hapa kitandani roho inaruka.

Basi fanyeni hivi. Ng'oeni ua wote, msiache mizizi, michongoma ni mikaidi, huchipuka tena. Jiwe lichimbuliwe Ratemo akiona, alirudishe mwenyewe penye mgomba. Hatua nne ni zake, na migomba yote iliyomo ni yake. Usinune, Nyangau, nakuona. Tuta lijengeni huku kwetu, karibu na jiko, mlijaze samadi iliyooza vizuri. Chinsaga ya kwanza Mokeira aipike, mle na Ratemo sahani moja, na yeye ndiye aanze. Akikataa msigombane naye, rudini kesho yake, na keshokutwa. Nami msinizike kabla jiwe halijarudi, hata mkikawia.

Nipe maji. Kidogo... inatosha.

Mungu awatunze. Huyo mtoto azaliwe akilia kwa nguvu, aote meno, aote mvi, achume mboga kwenye tuta ambalo mimi sitaliona. Laana yangu iishie kwangu.

Asubuhi nilimpigia Ratemo simu aje. Sikumwambia kwa nini. Hicho... hicho ni kikohozi chake hapo nje. Mokeira, nishike mkono, naogopa. Nyangau, mfungulie baba yako mdogo.

Mpe jembe.